Mistari Minne Mgongoni

Nilisikia kabla ya kuona. Uwanja wa kiwanda ulikuwa wa saruji, na mbwa akipita juu ya saruji unasikia kucha zake zikigonga kwa mpangilio, nne nne. Asubuhi hiyo nilisikia tatu na mkwaruzo. Nikageuka. Mguu wa nyuma wa kulia ulikuwa unachelewa kuinuka, na kucha mbili za katikati zilikuwa zimelika hadi kwenye nyama.

Nilikuwa askari wa mbwa kwenye kiwanda cha majani chai, kando ya barabara ya kutoka Kericho kwenda Kapkatet. Ilikuwa miaka ya tisini. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na kitu, na cheti changu cha kidato cha nne kilikaa ndani ya bahasha chini ya godoro. Tangu hapo nimefanya kazi Naivasha, Voi, Malaba, na kwingine ambako sikukaa vya kutosha kukujua. Sasa nimepita arobaini na bado sijapata mahali pa kuacha sanduku langu likiwa wazi. Lakini nikiingia kwenye kibanda chochote cha chai na mtu akamimina maji moto juu ya majani, uwanja ule wa saruji hunijia, na yule mbwa.

Alikuwa mbwa wa kampuni, wa ile aina ya Kijerumani, mwenye manyoya marefu meusi mgongoni na ya rangi ya udongo miguuni. Alikuwa hajatimiza miaka mitatu. Alifunzwa Nairobi kisha akaletwa kwetu ndani ya sanduku la mbao, na siku hiyo meneja aliniambia, "Huyu ni wa kazi yako, lakini si wako." Nilielewa. Nilimpa chakula, nikamchana manyoya, nikatembea naye kuzunguka maghala na uzio. Hakumsikiliza mtu mwingine. Akiitwa na meneja mwenyewe, alinitazama kwanza mimi.

Mwenzangu wa lango alikuwa mzee wa Bomet, mtu wa maneno mengi. Aliniita Mwalimu kwa sababu ya kile cheti.

"Mwalimu, mbwa yako inatembea kama mtu ametoka harusi."

"Ni kucha tu, mzee."

"Kucha ndio inafanya kichwa iende lango na matako iende choo?"

Katika juma hilo kila mtu kiwandani alikuwa na maelezo yake. Mmoja alisema ni kupe. Mwingine alisema mbwa amekanyaga dawa ya magugu kule kwenye vichaka vya chai. Mpishi alisema kuna mtu amempiga rungu kiunoni, na akatazama upande wa watu wa malori bila kutaja jina. Nilimkagua kwa vidole kutoka shingoni hadi mkiani. Hapakuwa na jeraha wala uvimbe wowote. Hakulia popote nilipobonyeza, ila pale mbavu zinapoishia alikunja midomo kidogo. Nilimwambia meneja kwamba mbwa anachechemea. Akasema tumpe siku chache.

Jumapili mjomba alikuja kunitembelea. Huyu alikuwa kaka wa mama, mwenye shamba la chai na ng'ombe wanne karibu na Roret, na kwa upande ule wote alijulikana kwa kuchoma. Ng'ombe akilemaa mgongo, akianguka na kushindwa kuinuka, watu walimwita mjomba na chuma chake. Hata watu aliwachoma. Mimi mwenyewe nina alama mbili chini ya bega, za utotoni, nilipokohoa msimu mzima. Kikohozi kiliisha. Kama ni chuma au ni mvua kukatika, hakuna aliyeuliza.

Alikuwa amebeba kibuyu cha mursik, yale maziwa ya kugandisha, na mahindi mabichi. Alikaa kwenye ngazi ya banda la mbwa, akamtazama mbwa akienda kunywa maji na kurudi.

"Hii imelala mgongo," alisema. "Ng'ombe ikiwa hivi tunachoma."

"Lakini mjomba, hii ni mbwa ya kampuni."

"Kampuni iko na mgongo yake, mbwa iko na yake."

"Umewahi kuchoma mbwa?"

"Nimechoma ng'ombe. Nimechoma punda. Nimechoma wewe." Akacheka. "Mbwa itakuwa ngumu kuliko wewe? Wewe ulinitukana mpaka mama yako akaona haya."

Ningeweza kukataa. Nasema hivyo kwa sababu watu niliowasimulia hili baadaye, kwenye sehemu nyingi nilizopita, hupenda kusema kwamba mjomba ni mjomba, hakataliwi. Yeye angekubali kukataliwa. Alikuwa mtu wa kukubali. Lakini nilikuwa nimemwona mbwa akijikwaa juma zima, na mtu wa kwanza kuja na la kufanya alikuwa yeye.

Tulitafuta kipande cha nondo, tukakiingiza kwenye moto wa boila mpaka kikawa chekundu. Mzee wa lango alituona tukipita nacho kwenye karai la makaa, akageuza uso akaanza kuhesabu malori. Nilimfunga mbwa mdomo kwa kamba nikamkumbatia shingo. Mjomba alitenga manyoya kwa vidole, taratibu, kama mwanamke anayesuka, na akapiga mstari wa kwanza katikati ya mgongo, kukatisha. Mbwa aliruka nikaanguka naye. Mstari wa pili, ulioshuka kidogo kutoka ule wa kwanza, ulimfanya alie kwa sauti ambayo sikujua anayo. Wa tatu ulikuwa chini ya pale mbavu zinapoishia. Nilijikaza kumshika, na hakukuwa na cha kushika. Hakuruka. Wa nne ulikuwa juu ya nyonga. Alikuwa anahema tu, macho yakitazama ukuta.

"Umeona?" mjomba akasema. "Imeanza kuelewa."

Alipaka majivu na siagi, akarudisha manyoya juu ya alama kama mtu anayefunika chungu. Jioni alirudi kwao.

Siku nane baadaye mbwa alianguka langoni mbele ya wageni waliokuja na meneja. Matako yalikaa chini na hayakuinuka. Aliendelea kubweka akiwa amekaa, akijaribu kuwafuata kwa miguu ya mbele. Meneja aliaibika. Mchana huo daktari wa mifugo aliitwa kutoka Kericho mjini.

Daktari alikuwa mtu wa Nyeri aliyehamia huku zamani, mfupi, mwenye koti lenye mifuko iliyolegea kwa kubeba vyuma. Hakuwa na haraka. Alimwinua mbwa kwa kumshika tumboni, akaukunja mguu wa nyuma ili mgongo wa wayo uguse saruji, akauacha. Mbwa mzima huurudisha papo hapo. Huyu aliuacha umekunjika, kama si wake. Daktari akagonga goti kwa nyundo ndogo ya mpira na mguu ukaruka sana, kuliko inavyotakiwa, alisema. Maana yake ni kwamba tatizo haliko mguuni wala kiunoni kabisa. Liko juu zaidi, mahali fulani kwenye uti wa mgongo.

Kisha akachukua koleo akaanza kubana ngozi pande mbili za mgongo, kutoka nyuma kwenda mbele. Alitaka kuona ngozi ikicheza. Mahali ngozi inapoanza kucheza, alisema, hapo ndipo ujumbe unapopita. Ndipo koleo likakwama kwenye gamba. Akatenga manyoya. Usaha ukatoka.

"Hii ni nini?"

Meneja alikuwa amesimama hatua mbili nyuma yangu.

"Maji moto, Daktari," nikasema. "Bomba la boila."

Akatenga manyoya tena, akaona mstari wa pili, wa tatu, wa nne.

"Maji ya kiwanda hiki yanajua kutumia rula."

Meneja alicheka. Daktari hakucheka.

"Aliungua lini?"

"Wiki tatu zilizopita."

"Kabla ya kuanza kuchechemea, au baada?"

"Kabla," nikasema.

Sikulipanga hilo neno. Nilitaka tu lile jambo liende mbali nami, na mbali kulikokuwa karibu kulikuwa nyuma. Nilidhani jambo likishakuwa la zamani halina mwenyewe.

Daktari akalichukua neno langu akalijengea juu yake. Alimweleza meneja kwamba ngozi iliungua, ikaoza, na huenda usaha umezama hadi kwenye mifupa ya mgongo. Kwa vyovyote, hata kama ni kitu kingine, hawezi kupasua kupitia ngozi iliyooza, atauingiza uchafu kwenye uti wenyewe. Atampa dawa ya usaha wiki tatu. Kisha akachukua koleo kubwa, akabana kidole cha mguu wa nyuma kwa nguvu hadi kwenye mfupa. Mbwa aligeuza kichwa na kumwonyesha meno.

"Vizuri," akasema. "Anahisi mpaka ndani. Huyu bado ana nafasi." Akanipa lile koleo. "Mbane hivi kila asubuhi. Siku asipogeuka, nipigie simu siku hiyo hiyo. Si kesho yake."

Wiki tatu nilimdunga sindano za dawa mapajani. Majeraha yalikauka vizuri, nywele zikaanza kuota kingoni. Miguu ilizidi kufa. Wiki ya kwanza alisimama nikimshika. Wiki ya pili alijiburuta. Wiki ya tatu alianza kukojoa bila kujua, na manyoya ya mapajani yalikuwa mabichi wakati wote. Nilifanya kazi ya lango bila mbwa na nilirudi bandani kila nafasi. Sikumbuki kwamba nilihuzunika. Nakumbuka nilikuwa ninasugua sakafu.

Ijumaa moja asubuhi nilimbana kidole na mguu ukajivuta, ila kichwa kilibaki juu ya miguu ya mbele. Nikabana cha mguu mwingine. Ukajivuta. Macho yake yalikuwa kwangu, yakisubiri chakula. Nilikwenda ofisini nikaomba simu.

"Amevuta mguu lakini hajageuka," nikamwambia daktari.

"Kuvuta si kitu. Mguu unaweza kujivuta bila kumwambia mwenyewe. Amekuangalia? Amelalamika?"

"Hapana."

"Mlete Jumapili," akasema. "Adhuhuri."

Alikuwa na rafiki aliyepiga picha za eksirei kwenye hospitali moja, na wagonjwa walipokwisha siku ya Jumapili rafiki huyo alituashiria kwa kichwa tuingie kwa mlango wa nyuma. Tulimbeba mbwa kwenye gunia. Daktari alimlaza kwa sindano, akapiga picha ya kwanza, akaishika dirishani. Aliitazama kwa muda mrefu.

"Mifupa ni mizima," akasema. "Kama ingekuwa usaha, ungeona kingo zimeliwa. Hakuna kilicholiwa hapa." Aliendelea kutazama picha, si mimi. "Nieleze tena kuhusu yale maji."

Rafiki yake alikuwa ametoka kunawa mikono. Nilimwambia daktari yote. Nilimwambia kuhusu nondo, na kwamba mbwa alichechemea juma zima kwanza, ndipo akachomwa. Nilimwambia kwamba mistari miwili ya juu aliruka na miwili ya chini hakuruka.

"Hakuruka kabisa?"

"Kabisa. Alikuwa anatazama ukuta."

Akaweka kidole juu ya picha, chini kidogo ya ubavu wa mwisho. "Kwa hiyo ulijua ni wapi," akasema. "Siku hiyo hiyo. Kabla yangu."

"Sikujua kwamba nilijua, Daktari."

"Wiki tatu nimetibu ugonjwa ambao hakuwa nao." Hakupandisha sauti. Alisema kama anayesoma kibandiko cha chupa. "Ningejua kuchechemea kulitangulia, ningempiga picha juma lile lile, ngozi ikikauka nampasua. Mbwa hasemi, unaelewa? Nilikuuliza wewe kwa sababu yeye sikuweza kumuuliza."

Rafiki yake akarudi na tukaendelea.

Alimkunja shingo, akaingiza sindano nyuma ya fuvu, na tone la maji safi likachungulia. Kisha akasukuma dawa iliyoagizwa kutoka Nairobi, ile inayoonekana nyeupe kwenye picha. Kwenye picha ya pili dawa ilishuka pande mbili za uti kama mistari miwili ya reli. Ilipofika chini ya ubavu wa mwisho, mstari mmoja ulipanuka kama mdomo wa tarumbeta ukakatika. Ule mwingine ulisukumwa ukutani ukawa mwembamba kama uzi. Ndani ya ule mdomo kulikuwa na kitu cha mviringo ambacho dawa ilikizunguka bila kukipita.

"Uvimbe," daktari akasema. "Uko ndani ya ngozi ya uti, lakini hauko ndani ya uti wenyewe. Huo unaweza kutoka."

Ulikuwa kati ya mstari wa pili na wa tatu wa mjomba.

Alimpasua kesho yake, kwenye chumba cha nyuma cha zahanati yake mjini. Hakuwa na msaidizi aliyeweza kumshika mbwa huyo, kwa hiyo alinipa kazi ya kukaa kichwani, kutazama ulimi na kifua na kusema kwa sauti. Nilisema kwa saa tatu. Anapumua. Ulimi ni wa kawaida. Anapumua. Nilipokawia aliniuliza bila kuinua uso, "Anapumua?"

Alihesabu mbavu kwa kidole mara mbili, akakata, akasogeza nyama kando mpaka pingili za mgongo zikaonekana, nyeupe, zikisimama kama meno ya kitana. Alikuwa na koleo la kutafunia mfupa. Alitafuna kipande kimoja kimoja, vidogo kuliko punje za mahindi, na sauti yake ilikuwa ile ya mtu anayekula mahindi ya kuchoma peke yake. Chini ya mfupa palikuwa na ngozi nyembamba iliyolowa. Aliipasua kwa ncha ya sindano aliyoipinda mwenyewe. Maji kidogo yakatoka. Kisha akaacha kupumua yeye, nikafikiri ni mbwa.

"Anapumua," nikasema.

"Najua. Njoo uone."

Uvimbe ulikuwa wa rangi ya kahawia iliyopauka, kama haragwe lililolowekwa. Ulikuwa umejilaza juu ya uti. Aliuzungusha kwa pamba, akakata kamba mbili ndogo, ukatoka mzima. Nilitarajia kwamba mahali pale patarudi kujaa, kama godoro mtu akiondoka. Hapakujaa. Uti ulikuwa umebanwa ukawa bapa kama utepe, na rangi yake ilikuwa ya kijivu kuliko sehemu nyingine. Daktari aliumwagia maji ya vuguvugu akautazama. Kisha akaanza kushona.

Uvimbe aliuweka kwenye chupa ya jemu yenye dawa ili upelekwe Nairobi kuchunguzwa.

Meneja alitoa mwezi mmoja. Daktari alimwambia ukweli: mbwa akipasuliwa angali anahisi, wengi husimama, akipasuliwa akiwa ameacha kuhisi, wachache. Dalili ya kwanza haitakuwa mguu. Itakuwa kichwa. Siku atakapobanwa kidole na kugeuka, hapo kuna kitu kimepita kwenye ule utepe, na watakuwa na sababu ya kungoja zaidi.

Kwa hiyo mwezi ule nilimbana kila asubuhi. Kazi nyingine zilikuwa nyingi. Mara tatu kwa siku niliweka mikono pande mbili za tumbo lake na kukamua kibofu mpaka mkojo ukatoka. Nilimgeuza upande kila baada ya saa chache asipate vidonda. Nilimtandikia magunia yenye vumbi la mbao, nikayatoa yakilowa. Nilimpitishia gunia chini ya tumbo nikamtembeza uwanjani, yeye akienda kwa miguu miwili na mimi kwa miwili.

"Mwalimu amejifungua," mzee wa lango alitangaza. "Hata likizo ya uzazi hajapewa."

"Mzee, niletee maji."

"Naleta, mama." Na aliyaleta. Akachuchumaa karibu, akamtazama mbwa. "Ile siku ya chuma," akasema, "mimi sikuona kitu."

"Nishasema kila kitu kwa daktari."

"Ulisema? Sasa mimi nilikuwa natazama malori ya nini?"

Jeraha la kupasuliwa lilipona. Mbwa alinenepa kidogo. Mkia ulikuwa umelala kama kamba. Kila asubuhi nilibana kidole cha kulia, kisha cha kushoto, na miguu ilijivuta haraka, vizuri kabisa, na yeye alinitazama kwa uso ule ule wa kusubiri chakula. Baada ya wiki mbili nilianza kubana nikiwa nimefumba macho nusu.

Jumatano ya juma la mwisho nilibana kidole cha kushoto na akageuza kichwa. Aligeuza kwa haraka, masikio yakiwa juu, mpaka akautazama mguu, au nyuma ya mguu. Wakati huo huo honi ya kiwanda ilikuwa inalia, ile ya kubadilisha zamu. Sijui kipi kilitangulia. Honi ile ililia kila siku na hakuwa akiigeukia. Lakini siku hiyo kulikuwa pia na lori lililokuwa likirudi nyuma upande ule. Nilibana tena, kimya kikiwa kimerudi. Mguu ukajivuta. Kichwa hakikusogea. Nilibana mpaka nikaona aibu.

Sikumwambia mtu kwa siku mbili. Nilibana Alhamisi asubuhi na jioni, na Ijumaa kabla ya wao kuja, na hakugeuka.

Walikuja Ijumaa, daktari na meneja, wakati majani mabichi yalikuwa yanaingia. Daktari alichuchumaa, akamsalimia mbwa kwa kumkuna chini ya kidevu, akabana. Kulia mara tatu. Kushoto mara tatu. Miguu ilijivuta. Kichwa kilikaa juu ya mkono wangu.

"Basi," meneja akasema.

"Wengine hukawia," daktari akasema. "Nimeona waliorudi wiki ya sita. Lakini lazima kuwe na kitu cha kungojea." Akanitazama. "Wewe uko naye kila siku. Umeona chochote?"

Meneja naye akanitazama. Ningesema ndiyo, ningempatia wiki mbili. Nilijua hivyo wakati ule, si baadaye. Neno lilikuwa fupi na lilikuwa karibu kuwa kweli.

"Jumatano aligeuka," nikasema. "Lakini honi ililia."

"Aligeukia koleo au honi?"

"Sijui, Daktari."

"Hakuna unachofikiri?"

"Sijui."

"Honi," meneja akasema, si kwa ubaya, na akatazama saa.

Daktari alingoja kidogo zaidi. Sijui kama alinisubiri niongeze neno, au alikuwa anakumbuka maji moto. Kisha akafungua sanduku lake. Nilimshika mbwa kichwa. Sindano iliingia kwenye mguu wa mbele, ule uliokuwa ukihisi, na alishtuka kidogo, akanilamba kifundo cha mkono, akawa mzito. Tulimzika nyuma ya stoo ya kuni, mimi na mzee wa lango, na mzee hakusema utani wowote mpaka tulipomaliza. Saa nane nilirudi langoni kwa sababu zamu yangu ilikuwa ya saa nane.

Majibu kutoka Nairobi yalifika baada ya wiki mbili. Daktari alipita akanisomea langoni, injini ya gari ikiwa inanguruma. Uvimbe ulikuwa wa chembe za figo. Wakati mbwa akiumbwa tumboni mwa mama yake, chembe chache za figo zilipotea njia zikabaki mgongoni, na zikakaa kimya, kisha zikaanza kukua. Alizaliwa nazo. Hakuna aliyempiga rungu, wala hakukanyaga dawa.

"Kwa hiyo si chuma," nikasema.

"Si chuma kilichouleta," akasema. Alikunja karatasi, akaitia mfukoni, akaondoka kuelekea Kapsoit, ambako kulikuwa na ng'ombe aliyeshindwa kuzaa.

Kampuni iliniahidi mbwa mwingine mwezi wa kwanza. Desemba nilipata siku nne za likizo nikaenda nyumbani, na siku ya pili nikapita kwa mjomba Roret kumsalimia. Nilimkuta uani na jirani yake. Kati yao alikuwa amesimama mtamba mwekundu, mzuri, miguu ya nyuma ikitetemeka, na kwenye moto kulikuwa na chuma.

"Huyu hapa!" mjomba akamwambia jirani. "Muulize yeye. Nilichoma mbwa ya kampuni, mbwa kubwa kama ndama. We kijana, ile mbwa ilisimama?"

Jirani alinigeukia. Alikuwa na wasiwasi, alikuwa na yule mtamba mmoja. Mjomba alikuwa anatabasamu, na nywele zake zilikuwa zimekuwa nyeupe tangu nilipomwona mwisho.

"Ilisimama," nikasema.

"Nilikuambia," mjomba akasema. Akachomoa chuma, akakitemea mate kusikia kinavyolia. "Njoo ushike kichwa. Wewe umezoea."

Nikashika.